Kijiti kwenye soketi: mambo ya kujua kuhusu chaja ya simu na umeme wa nyumbani

Ingia katika nyumba nyingi za Kinyala zilizounganishiwa umeme, uangalie ukutani penye soketi. Katika tundu la juu, lile lililo peke yake, mara nyingi utakuta kimechomekwa kitu: kijiti cha mwanzi, njiti ya ufagio, kifuniko cha kalamu. Chini yake kuna chaja ya simu ya miguu miwili, na kutoka hapo waya unaning'inia mpaka kitini au sakafuni. Ukimwuliza mwenye nyumba kijiti kile ni cha nini, atakujibu, "Bila hicho haiingii." Anasema kweli. Soketi ile ilitengenezwa kwa makusudi ili isiingie.

Makala haya yanaeleza kwa nini. Yanaeleza pia kitu kingine ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa sababu kimefungwa ndani ya plastiki, yaani ile nafasi ndogo iliyopo kati ya umeme wa nguzo na simu uliyoishika mkononi. Nafasi hiyo ikiwa nzima, unaweza kushika simu iliyo kwenye chaji bila kudhurika. Ikiwa mbovu, umeme wa nguzo unaweza kukufikia kupitia waya mwembamba ambao mtoto huuchezea kila siku.

Tundu la juu kazi yake nini?

Soketi ya matundu matatu tunayotumia Tanzania ni ya mtindo wa Kiingereza. Waingereza waliiwekea kiwango mwaka 1947, baada ya Vita Kuu ya Pili, na nchi nyingi walizotawala zikairithi. Matundu mawili ya chini ndiyo yanayopitisha umeme. Nyuma yake kuna vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoyaziba. Mguu wa juu wa plagi ni mrefu kuliko mingine, kwa hiyo hutangulia kuingia, na ukiingia unavisukuma vile vifuniko vifunguke. Mtoto akiokota msumari na kuuchomeka kwenye tundu la chini, unagonga plastiki na kuishia hapo.

Kijiti kinafanya kazi ya mguu ule mrefu. Kikishaingia, vifuniko vinafunguka, na kikiachwa humo vinabaki wazi usiku na mchana. Ukichomoa chaja kwenda shambani, umewaachia watoto matundu mawili ya volti 230 yasiyo na mlango. Hilo ndilo jambo la kwanza.

La pili ni miguu yenyewe. Ile miguu miwili ya mviringo, yenye unene wa kama milimita 4, ilitengenezwa kwa soketi za Ulaya bara zenye matundu ya mviringo. Vyuma vilivyo ndani ya soketi yetu vinasubiri mguu bapa na mpana. Mguu wa mviringo unavigusa kidogo tu, unacheza, unatoa cheche ndogo ambazo huzioni, na mahali pale panapata joto. Ukiona plastiki ya soketi imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu, au unasikia harufu kama ya samaki au plastiki inayoungua, joto hilo limeshafanya kazi kwa muda mrefu. Soketi ya namna hiyo inabadilishwa. Kuipangusa hakusaidii.

La tatu, plagi ya miguu mitatu ya kawaida ina fyuzi ndani yake, ya ampea 3 au 13, inayoungua waya ukipiga shoti. Chaja ya miguu miwili iliyoingizwa kwa kijiti haina fyuzi ya plagi.

Wengine hutumia bisibisi au ufunguo badala ya kijiti. Tundu la juu ni la ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, na kwa kawaida halina umeme. Lakini katika nyumba ambayo fundi alikosea kuunganisha nyaya, au ethi haikuwahi kufika ardhini, tundu hilo nalo linaweza kuwa na umeme, na mtu hawezi kulijua hilo kwa kuangalia.

Dawa yake si ghali. Nunua kichwa cha chaja chenye miguu mitatu, au adapta ya miguu mitatu yenye fyuzi ambayo chaja yako ya miguu miwili inaingia na kukaza. Hapa kuna jambo linalowachanganya wanunuzi: vichwa vingi vizuri vya chaja vina mguu wa juu wa plastiki tupu. Wengi wakiuona hudhani wameuziwa feki. Mguu huo kazi yake ni kufungua vifuniko tu. Chaja ya simu haihitaji ethi ikiwa imetengenezwa kwa kinga mbili, na alama ya kinga hiyo ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, iliyochapishwa kwenye maandishi madogo ya chaja. Itafute.

Ndani ya kichwa cha chaja

Umeme unaofika nyumbani kwa waya wa TANESCO ni wa volti 230, na unageuka mwelekeo mara 50 kwenda na kurudi kila sekunde. Simu inataka volti 5, zinazokwenda upande mmoja. Kazi ya kuugeuza inafanywa na kile kichwa kidogo unachokichomeka ukutani, wala haifanywi na waya.

Ndani yake kuna pande mbili. Upande wa kwanza unapokea umeme wa ukutani, unaunyoosha uende njia moja, na hapo hufikia zaidi ya volti 300. Kisha kifaa kidogo huukata na kuuwasha maelfu ya mara kwa sekunde na kuupeleka kwenye koili ya waya wa shaba. Karibu na koili hiyo kuna koili nyingine, ya upande wa pili, ambayo inaelekea kwenye simu. Koili hizi mbili hazigusani. Nguvu inavuka kwa sumaku, kama vile joto la jiko linavyofika mkononi bila wewe kulishika jiko. Upande wa pili ndipo zinapotoka volti 5.

Kwa hiyo kati ya volti 300 na waya wa simu yako kuna tabaka chache za utepe wa kuzuia umeme, na kwenye kibao cha ndani kuna nafasi tupu isiyo na shaba. Chaja iliyotengenezwa kwa kufuata viwango huwa na nafasi ya kama milimita 5 au 6. Katika chaja za bandia, mafundi waliozifungua wamekuta nafasi isiyofika milimita 1, na koili zilizozungushwa bila utepe wa kutosha. Chaja hiyo itaiwasha simu sawasawa na ile nzuri, na huenda ikafanya hivyo mwaka mzima. Siku unyevu utakapoingia, au waya wa koili utakapoungua ganda lake, volti 230 zitavuka na kufika kwenye ncha ya USB.

Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za bandia zilizotengenezwa kufanana na za iPhone. Zilizofaulu zilikuwa 3. Nyingine 22 ziliharibika papo hapo zilipojaribiwa, na 12 zilikuwa zimeundwa vibaya kiasi cha kuweza kumwua mtumiaji. Hizo zilikuwa chaja zilizokusanywa katika nchi mbalimbali.

Kuhusu kiasi cha umeme kinachodhuru, mtu huanza kuuhisi ukifika kama miliampea 1, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Ukifika kama miliampea 10 misuli inakaza, na aliyeshika waya anashindwa kuuachia hata akitaka. Ukizidi 30 na ukapita kifuani, moyo unaweza kuvurugika mapigo. Ngozi kavu na viatu vikavu hupunguza umeme unaopita. Miguu mitupu juu ya sakafu ya udongo wenye unyevu, baada ya siku tatu za mvua ya huku kwetu, haipunguzi kitu. Tukuyu na vijiji vyake hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini. Mtu wa Dodoma na mtu wa Kinyala wakiwa na chaja mbovu ya aina moja, hawako katika hatari sawa.

Ndiyo maana waya wa chaja ulioachwa ukining'inia bila simu, huku kichwa kikiwa kimechomekwa, si wa kumwachia mtoto anayetambaa. Watoto huweka kila kitu mdomoni, na mdomo ni mahali penye maji. Ukimaliza kuchaji, chomoa kichwa ukutani, usichomoe simu tu.

Kuitambua chaja kabla haijakudhuru

Maandishi yanaweza kuigwa, na nembo pia. Hata hivyo anza na maandishi. Chaja ya kweli huonyesha umeme inaoupokea, kwa kawaida volti 100 mpaka 240, na umeme inaoutoa, kwa mfano volti 5 na ampea 1 au 2. Chaja isiyo na maandishi hayo, au yenye maneno yaliyokosewa herufi, iache dukani. Angalia kama ina alama ya mraba ndani ya mraba na kama muuzaji anaweza kukupa risiti. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo linaloweka viwango vya vifaa hivi nchini, na alama yake ni jambo la kuulizia. Kwenye gulio ambako chaja zimemwagwa juu ya turubai, muuzaji wa leo huenda usimpate wiki ijayo.

Ukishainunua, tabia zake zitakuambia zaidi ya boksi. Chaja inayopata uvuguvugu ni ya kawaida. Inayochoma kiganja mpaka ukaiachia haifai. Inayolia kama nyuki, inayocheza miguu, iliyopasuka plastiki na kufungwa kwa gundi au utepe, hiyo pia imefika mwisho. Na kuna dalili moja ambayo watu huilaumu simu: simu ya kupangusa ikiwa kwenye chaji, kioo kinaanza kubofya chenyewe, herufi zinaruka, programu zinajifungua. Ukiichomoa inatulia. Mara nyingi mbovu ni chaja, inaleta umeme mchafu usiotulia, na fundi akikuuzia kioo kipya tatizo litabaki palepale. Jaribu kwanza chaja ya mwenzako.

Wengine huhisi mtekenyo mdogo wanapopapasa simu yenye ganda la chuma ikiwa kwenye chaji. Hata chaja nzuri huvujisha umeme kidogo sana namna hiyo, chini ya ule unaodhuru. Lakini ukishtuka mpaka mkono ukaruka, zima swichi ya soketi, chomoa chaja, na usimpe mtu mwingine aitumie.

Pini na majina yake

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka chaja ya Nokia ya pini nene, kisha katikati ya miaka ya 2000 ikaja ya pini nyembamba, na nyumba ikawa na chaja tano zisizofanana. Motorola walikuwa na yao, Samsung yao, na mwenye kibanda cha kuchaji simu alihitaji fungu zima la nyaya. Mwaka 2009 makampuni makubwa ya simu yalikubaliana na Tume ya Ulaya kutumia pini ya aina moja, ile ndogo inayoitwa Micro-USB. Hiyo ndiyo tunayoiita ya kawaida, iliyo kwenye vitochi vingi na redio ndogo. Upande wake mmoja ni mpana na mwingine mwembamba, kwa hiyo inaingia kwa namna moja tu. Ukiilazimisha gizani, unavunja ulimi mdogo ulio ndani ya tundu la simu, na hapo ndipo fundi wa Tukuyu mjini anapokuambia sistimu chaji imekufa.

Type-C, iliyotangazwa mwaka 2014, inaingia kwa pande zote mbili. Umoja wa Ulaya uliifanya kuwa ya lazima kwa simu mpya zinazouzwa huko kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple, waliokuwa na pini yao tangu 2012, waliiacha walipotoa iPhone 15 mwaka 2023. Sheria hiyo ni ya Ulaya, lakini viwanda havitengenezi simu mbili tofauti bila sababu, na ndiyo maana hata simu za bei ya chini za Tecno na Itel zinazofika kwetu zinahamia huko.

Hili hapa limewasumbua watu wengi. Umenunua tochi au redio mpya yenye tundu la Type-C, una waya wenye Type-C pande zote mbili, unachomeka, hakuna kinachotokea. Ukitumia waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja, inachaji. Kifaa si kibovu. Chaja ya Type-C huanza kwanza kukiuliza kifaa kama kipo, na vifaa vya bei nafuu mara nyingi vimenyimwa kijisehemu cha kujibu swali hilo. Tumia waya wa zamani, usirudi dukani kugombana.

Swali lingine linaloulizwa sana ni kama chaja kubwa inaweza kuunguza simu ndogo. Volti ndizo za kuangalia kwanza: 5 ni 5. Ampea ni kama maji ya mto Kiwira, kila mtu huchota kwa ndoo aliyokuja nayo. Chaja ya ampea 3 haimlazimishi kitochi kuchukua ampea 3, kitachota nusu ampea yake na kutosheka. Zile chaja za haraka zinaweza kupanda mpaka volti 9 au zaidi, lakini zinafanya hivyo baada ya simu kuomba. Yote haya ni kwa chaja ya kweli. Ya bandia inaweza kutoa chochote.

Tundu la simu likijaa vumbi na nyuzi za mfukoni, waya hauingii mpaka mwisho na simu inachaji ukiishika kwa pembe. Zima simu, utumie njiti laini ya meno kutoa uchafu taratibu. Sindano ya kushonea inakwangua vyuma vya ndani. Na simu ikilowa mvua, usiichaji mpaka tundu likauke kwenye hewa, likiangalia chini, kwa saa kadhaa. Kuizika kwenye mchele, hata ukiwa wa Kyela, hakusaidii: Apple wenyewe walitoa maelekezo mwaka 2024 kwamba chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu zaidi.

Betri, kobe na kibanda cha kuchaji

Betri ya kitochi yenye maandishi BL-5C imezunguka Afrika nzima kuliko simu iliyokuja nayo. Agosti 2007 Nokia walitangaza kwamba betri milioni 46 za aina hiyo, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupiga shoti ndani kwa ndani na kupata joto kali wakati wa kuchaji. Walikubali kuzibadilisha. Miaka 9 baadaye Samsung walizirudisha kiwandani simu za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri zilizoshika moto. Ikiwa makampuni yenye maabara yao yaliteleza, betri ya bei ya chini isiyo na jina la mtengenezaji haistahili kuaminiwa usiku kucha.

Betri hizi za lithiamu zinajaa zikifika kama volti 4.2. Simu yenyewe huzuia isizidi hapo. Ukiitoa betri na kuibana kwenye kobe, ile chaja yenye vichuma viwili vya kusogeza, umeiondoa simu katika kazi hiyo, na kobe nyingi haziachi kwa wakati. Zaidi ya hapo kobe inakaa moja kwa moja ukutani na vichuma vyake viko wazi. Nisingeiweka nyumbani kwangu.

Wengi wetu tumekulia kwenye redio za betri kavu, na betri ikichoka tuliiuma kwa meno au tukaianika juani ipate nguvu kidogo ya kusikiliza taarifa ya habari. Usithubutu kufanya hivyo kwa betri ya simu. Ikitobolewa inaweza kulipuka moto papo hapo. Betri iliyovimba, mpaka kifuniko cha nyuma cha simu hakifungi, haitobolewi ili itoe upepo. Acha kuichaji, iweke nje mbali na makuti na kuni, uipeleke kwa fundi.

Usiku watu huchaji simu chini ya mto au juu ya godoro ili wasikie ikiita. Godoro la sponji huzuia joto lisitoke, na likishika moto huwaka kwa kasi pamoja na chandarua. Sahani ya bati, meza, au sakafu kavu ni mahali pazuri zaidi.

Nyumba ambazo bado hazina umeme wa gridi hutumia sola. Taa ya sola yenye tundu la USB hutoa volti 5 na haina hatari ya kumpiga mtu shoti. Hatari inakuja mtu anapokata nyaya za paneli na kuzigusisha moja kwa moja kwenye betri ya simu. Paneli inayoandikwa volti 12 inaweza kutoa karibu 20 jua likiwa kali, na betri ya simu haiwezi kuzipokea.

Radi, na umeme unaokatika

Kila mtu wa Rungwe anajua mlio wa radi inayotoka upande wa mlima. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga nguzo au laini ya umeme mbali na hapo, mshtuko wake unasafiri kwenye waya mpaka kwenye soketi, na kichwa cha chaja hakikutengenezwa kuuzuia. Mawingu yakifunga, chomoa kila kitu kabla mvua haijaanza, na usiongee na simu iliyo kwenye chaji. Kuzima swichi ya soketi bila kuchomoa hakutoshi, kwani radi inaruka nafasi kubwa kuliko ile ya swichi.

Umeme ukikatika, chomoa pia. Unaporudi mara nyingi hurudi kwa kushtuka, na vifaa vya nyumba zote vinaanza kuvuta kwa pamoja.

Ekstensheni, pasi na waya wa jirani

Tangu gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini iwe shilingi 27,000, nyumba nyingi zimepata umeme kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na TANESCO. Baadhi zilianza na UMETA, yaani Umeme Tayari, kile kibao chenye soketi kwa nyumba isiyofungwa nyaya. Soketi ikiwa moja, kila kitu huishia kwenye ekstensheni.

Chaja kumi za simu kwenye ekstensheni moja si tatizo la uzito, kwani kila moja inavuta wati 5 mpaka 20 hivi. Pasi inavuta wati 1,000 na zaidi, hita ya maji kadhalika, na fyuzi ya ampea 13 inavumilia kama wati 3,000 kwa jumla. Ekstensheni yenye waya mwembamba inaungua kabla ya kufika hapo. Pasi na hita vichomekwe ukutani moja kwa moja, kimoja kwa wakati. Ekstensheni isifungwe ikiwa imezungushwa kama kamba wala kufunikwa na zulia, na isilazwe chini mahali maji ya mvua yanapoingia.

Kuhusu waya unaotoka kwa jirani kupitia migombani, tuseme wazi. Ni kinyume cha sheria, na waya huo kwa kawaida ni mwembamba, hauna ethi, na umelala kwenye majani mabichi. Jani la mgomba likivunjika na kuuvuta, atakayeukanyaga asubuhi akienda kuchota maji huenda akawa mtoto wa nyumba yoyote.

Kazi ya kufunga nyaya ndani ya nyumba inafanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni yake, na umwambie aweke kifaa kinachokata umeme unapovuja kwa miliampea 30, ambacho mafundi wanakiita RCD. Hicho hukata mara moja umeme unapoanza kupita kwenye mwili wa mtu. Sakiti breka ya kawaida haifanyi hivyo, inasubiri ampea nyingi kupita zile zinazotosha kuua.

Mtu akinaswa

Usimshike. Umeme utakupitia na wewe, na familia nyingi zimepoteza watu wawili kwa namna hiyo. Kimbilia mainswichi uizime. Ikiwa iko mbali au hujui ilipo, simama juu ya kitu kikavu kama ubao au gazeti nene, uusukume waya au mkono wake kwa mti mkavu, mpini wa jembe au kiti cha plastiki. Mti mbichi au uliolowa unapitisha umeme. Ikiwa ni waya wa nguzo umeanguka nje, usisogee kabisa, zuia watu na uwaite TANESCO.

Akishaachana na umeme, angalia kama anapumua. Asipopumua, mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Usimmwagie maji, na usimfukie kwenye udongo. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, baada ya umeme kuzimwa, bila kupakwa asali, dawa ya meno wala mafuta.

Moto wa soketi au chaja hauzimwi kwa maji kabla mainswichi haijazimwa. Mchanga mkavu unafaa. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Aliyepigwa na umeme akainuka na kusema yuko salama, apelekwe hospitali hata hivyo, iwe Igogwe au Makandana pale Tukuyu, hasa kama alizimia, kama ana mjamzito, au kama umeme uliingia mkono mmoja na kutokea mwingine. Kidonda cha nje kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mahindi na ndani pakawa pameungua, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika saa kadhaa baadaye. Mweleze mganga alishika nini, kwa muda gani, na kama sakafu ilikuwa na maji. Ile chaja iweke pembeni mahali watoto hawafiki, usiitupe jalalani ikaokotwa na mwingine, umwonyeshe fundi.